Kurasa za Majibu Hazimo

Nilianza na kitabu kinene cha jirani yangu Guliko,
alichoachiwa na marehemu mumewe, mhandisi, pamoja na deni la gesi.
Ukurasa wa kwanza: "Ni dhahiri kwamba."
Wa pili: "Msomaji ataona mara moja."
Sikuona mara moja. Sikuona hata mara ya tano.
Nikakirudisha na chupa ya jamu juu yake,
nikamwambia kimenifaa mno.
Na kweli: siku tisa kilizuia dirisha la jikoni lisijifunge.

Cha pili nilikinunua dukani, kipya, bado kinanukia gundi.
Ndani yake mna paka aliyevaa miwani
anayesema "Hongera!" kila mwisho wa mfano.
Mimi nina miaka arobaini na sita.
Naoka mikate Tbilisi, nyuma ya stesheni,
mikate mia tatu kabla hakujakucha,
mkono umezama tanurini hadi begani.
Sitaki paka anipongeze.

Dada yangu Eteri huuliza: polinomia za nini, na umri huu?
Namwambia kuna deni.
Nilipokuwa na miaka kumi na saba umeme ulikatika mji mzima,
mtihani tukaufanya kwa mishumaa,
tumevaa makoti, wino unagoma kushuka,
na mshumaa wangu ukazimika kwenye swali la nne:
kipeo cha tatu, na x
ikabaki imesimama gizani.
Ungali unamwacha mtu hivyo?

Jumamosi nikaenda Daraja Kavu,
wanakouza vijiko vya mama zao,
nishani, saa zilizokufa, kamera zisizo na jicho.
Bezhani hutandaza vitabu juu ya boneti ya gari
ambalo halijatembea tangu nimfahamu.
"Polinomia," nikasema. Hakucheka.
"Za kujua," akauliza, "au za kufaulu?"

Akanitolea chembamba, hakina jalada,
karatasi zina rangi ya chai iliyolala.
Maelezo mistari sita. Halafu maswali, maswali, maswali,
kama mtu anayekuuliza njia
huku anakuonyesha.
Akapekua nyuma, akasonya.
"Kurasa za majibu hazimo. Zimechanwa.
Lari tatu. Haya, mbili."
Nikampa tatu.

Swali la kwanza lilinikalia usiku kucha, unga ukiumuka.
Niliandika kwa kidole mezani, juu ya vumbi la ngano:
x kwa kipeo cha tatu, toa x mraba mara sita,
jumlisha x mara kumi na moja, toa sita.
Ni sifuri lini?
Nikatia moja. Moja, toa sita, jumlisha kumi na moja, toa sita.
Sifuri.
Nikatia mbili. Sifuri tena.
Tamaa ikanishika, nikaruka hadi nne: sita. Hapana.
Nikarudi kwenye tatu niliyoidharau,
na hapo mikate miwili ikaungua.

Kumbe mzizi hujitolea ushahidi.
Urudishe ulikotoka; kila kitu kikinyamaza, ndio huo.
Aliyechana zile kurasa hakuniibia kitu.

Pembezoni mna penseli. Lamara, darasa la tisa B,
alipita humu kabla yangu.
Swali la 31: "rahisi."
La 58: "mwalimu kakosea" (nimelikokotoa; kweli kakosea).
La 114 hakuandika neno. Kuna duara tu,
karatasi imevimba kidogo, kama ilipata maji.
Baada ya hapo pembezo ni nyeupe hadi mwisho.

Juzi Eteri akaja, sauti ya chini:
binti yake ana mtihani, kitabu gani ni kizuri?
Nikamwambia changu kimeraruka na sikiazimi.
Mpeleke darajani kwa Bezhani,
ila lile swali lake alijibu mwenyewe, usimjibie.

Niko kwenye 109.
Unga umefurika ukingoni mwa karai.
Nimechonga penseli.